Kutembea Bondeni na Kaka Elia

Jumanne, 9 Julai 1974

Ukungu mpaka saa nne. Baridi ya kuuma vidole. Likizo inakwenda na madaftari ya darasa la sita bado yamelala mezani. Nimepika uji wa mahindi ya njano, yale ya msaada. Haupiti kooni bila sukari, na sukari dukani hakuna.

Katibu wa kijiji alipiga hodi nikiwa bado na kilemba cha kulalia. Kamati imeamua bonde la Umba lipimwe. Bonde lote la majani, kuanzia daraja la magogo mpaka maporomoko. Wanataka liwe shamba la ujamaa, mahindi na maharage. Masika yalikuwa haba, watu wana njaa, na kule chini udongo una unyevu mwaka mzima. Simlaumu. Bwana shamba atapima, mimi nitaandika, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka.

Nikakubali. Ndipo akasema wa tatu ni nani. Wamemwombea ruhusa kazini kwake, idara ya misitu, Magamba. Hakuna mwingine aliyebaki anayeijua mipaka ya zamani.

Elia.

Kaka yangu. Tumbo moja, ziwa moja. Sijasema naye miaka kumi na saba.

Nimesahihisha madaftari manne. Mawili nimekosea kujumlisha.


Jumatano, 10 Julai

Darajani saa mbili. Bwana shamba, Ndugu Mbwambo, Mpare, kijana msafi, viatu vya mpira vipya. Elia alikuwa amefika kabla yetu. Koti la khaki la misitu limemzidi mabega. Amezeeka. Nywele nyeupe zote. Sikutegemea.

Sikumpa shikamoo. Nilisema, "Habari za Magamba," kama kwa mtu wa rika langu. Akajibu nzuri. Ndugu Mbwambo aliniangalia, kisha akajifanya anafunga mkoba.

Tumetembea ukingo wa kushoto mpaka kwenye mkuyu mkubwa. Elia mbele, anahesabu hatua. Ndugu Mbwambo na kamba. Mimi na daftari. Majani yanafika kiunoni, yamelowa umande, gauni limenishika miguuni. Vyura wananyamaza tukikaribia na kuanza tena nyuma yetu. Kulasitara mmoja amesimama kwenye maji, shingo imekunjwa, hakutujali. Mdiria wawili. Ng'ambo, kwenye miti, mbega wameketi na mikia yao myeupe inaning'inia kama mataulo.

Elia anajua kila kitu. Hapa ndipo wamisionari walipochimba udongo wa matofali ya kanisa. Shimo limekuwa kidimbwi, mafunjo yamejaa. Pale mawe matatu ni mguu wa daraja la Wajerumani. Mbele kidogo aliinama akaokota kitu cheusi kizito, akampa Ndugu Mbwambo. Mavi ya chuma. Wahunzi walifua majembe hapa kabla ya babu kuzaliwa, kwa sababu ya maji na mkaa. Wambugu, wafugaji wa milimani, walishuka na siagi kubadilishana. Ndugu Mbwambo alisema hakujua. Mimi pia sikujua, nami nimezaliwa hapa na nafundisha historia.

Niliudhika. Nilitaka awe amesahau.

Niandike hili mara moja nisirudie. Wakati wa mkoloni Elia alikuwa instrakta wa kilimo. Zile siku za matuta, kila nyumba ilipolazimishwa kuchimba matuta kwenye shamba lake, asiyechimba alipelekwa barazani kwa jumbe, akafungwa. Mama hakuchimba. Elia aliandika jina lake. Mama alilala siku nne kwenye sakafu ya saruji, mwezi wa Julai kama huu. Akatoka na kikohozi. Kabla ya masika akafa. Mimi nilikuwa chuo cha ualimu. Barua ilinifikia amekwisha kuzikwa.

Basi.


Alhamisi, 11 Julai

Ndugu Mbwambo ameitwa Lushoto, mkutano wa wilaya. Atarudi wiki ijayo. Katibu akasema tuendelee wawili, kazi isilale.

Tumeendelea. Kutoka kwenye mkuyu mpaka kwenye kona ya mto. Kwa saa tano nzima maneno yake yalikuwa ya mipaka tu, ile iliyopandwa masale. "Masale haya, Shekoloa. Masale yale, wenyewe wamehamia Tanga." Naandika. Anasubiri nimalize. Anakwenda.

Nilichokiona: akina mama saba wanakata majani ya ng'ombe, kila mmoja na sehemu yake, hakuna anayeingilia ya mwenzake, na hakuna mpaka unaoonekana. Kinyonga wa pembe kwenye tawi la mforosadi. Magamba ya kaa juu ya jiwe bapa, mengi, yamevunjwavunjwa; Elia alisema fisi maji anakula hapo kila alfajiri. Nikauliza, ukubwa gani. Ndilo swali la kwanza nililomuuliza tangu mwaka ule. Akaonyesha kwa mikono. Kama mbwa mrefu.

Kisha akaonyesha juu, kwenye matawi ya mkuyu mwingine. Nyasi kavu zimekwama huko, juu ya kichwa changu. Maji ya masika ya mwaka juzi yalifika hapo. Alisema mto unakuja kulala bondeni, halafu unaondoka polepole, ndiyo maana Septemba kule chini bado kuna maji.

Nimeliandika hilo. Nilikuwa nakunywa maji ya mto huu kabla sijajua kuongea na sikuwahi kufikiri yanatoka wapi Septemba.

Mchana alikaa kwenye jiwe lake, mimi kwenye langu. Nilikuwa na viazi vinne vya kuchemsha. Nilikula viwili. Viwili nimerudi navyo nyumbani. Nimejiona mtu mbaya, lakini sikumpa.


Ijumaa, 12 Julai

Siku mbaya.

Baada ya kona ya mto miguu ilianza kunieleza kitu kabla ya macho. Juu, chini, juu, chini. Chini ya majani ardhi ina mawimbi. Matuta. Bado yapo, yamelala, yameota ukoka. Sikuwa nimetia mguu sehemu hii tangu msiba. Huzunguka kwa juu, kwa njia ya kanisani.

Hapa ndipo lilipokuwa shamba la Mama, walilolichimba akiwa amefungwa.

Mbele ya matuta kuna korongo. Refu kuliko mtu, kuta nyekundu, mizizi inaning'inia. Kule juu ya korongo ilikuwapo chemchemi. Nilichota maji pale nikiwa msichana. Maji baridi ya kuuma meno, mawe yenye maua ya buluu ya dughulushi pembeni. Sasa ni vumbi. Nilikuwa najua imekauka. Sikujua kwa nini. Kila mtu husema Mzungu wa kilimo ndiye aliyelazimisha matuta mpaka bondeni, na mvua ikapita katikati ya matuta ikachimba korongo, na korongo likanywa chemchemi.

Elia alisimama ukingoni. Alivua kofia. Nilidhani anataka kupumzika.

"Mzungu hakusema tushuke bondeni," alisema. "Aliagiza milimani tu. Huku nilishuka mwenyewe. Nilitaka aone kazi yangu."

Nikauliza, "Na Mama?"

"Mama aliniambia maji yatakufa. Aliniambia mbele ya watu. Nikaona aibu. Nikaandika jina lake."

Hakuomba kitu. Angeomba, ningejua la kumjibu.

Miaka kumi na saba nimemchukia kwa kosa dogo kuliko lile alilofanya. Nilidhani alitii amri. Hapakuwa na amri.

Nilifunga daftari, nikaondoka. Nilipanda kilima bila kugeuka. Nilisikia anaita jina langu la utotoni, "Kadodo," mara moja. Hakuna aliyeniita hivyo tangu Mama. Nilizidisha mwendo. Nimeanguka mara mbili. Goti limechubuka.

Katibu aliniona napita, akauliza kulikoni. Nikasema naumwa kichwa.


Jumamosi, 13 Julai

Sikwenda bondeni. Nimefua kila kitu nyumbani, hata mapazia. Hayakauki, ukungu.

Alasiri nilikwenda kwa Shangazi Naomi. Macho yake hayaoni tena lakini alinijua kwa hatua. Shikamoo. Marahaba mwanangu, mbona unatembea kwa hasira. Nikamweleza yote. Aliendelea kumenya maharage kwa vidole, haoni, hakosei.

Alijua. Wote wa rika lake walijua kuwa ni Elia aliyeshusha matuta bondeni. Walikaa kimya kwa sababu Mama aliwaomba.

Akaniambia jambo jingine. Mama alipotoka barazani, kila siku akipika alitenga chakula cha Elia, akakifunika kwa sahani. Kila siku, mpaka siku aliyoshindwa kuinuka. Elia alikuja mara tatu mpaka kwenye ua. Hakuingia. Shangazi alimwona. Alisimama, akarudi. Chakula kikapoa.

Nilikasirika upya. Safari hii Mama ndiye niliyemkasirikia. Alimsamehe bila kuniuliza.

Shangazi akasema, "Alikuwa mtoto wake kabla hajawa kaka yako."

Nilimsaidia kumenya. Nimerudi jioni nikiwa nimechoka kama niliyelima.


Jumapili, 14 Julai

Kanisani. Elia alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Anakaa kwa katibu. Watu walimsalimu, wengine hawakumsalimu. Mzee mmoja alihama benchi.

Mahubiri sikuyasikia. Nilikuwa nahesabu madirisha.


Jumatatu, 15 Julai

Nimekwenda bondeni peke yangu. Ilibaki sehemu ya mwisho, kutoka korongo mpaka maporomoko. Nilisema nitaimaliza mwenyewe.

Siwezi kuhesabu hatua na kuandika. Siijui mipaka. Nilikaa juu ya mzizi. Kwarara watatu walitua wakaanza kuchokoa tope kwa midomo yao mirefu, hawana habari nami. Jua lilitoka saa tano, mara ya kwanza baada ya siku kadhaa, na bonde lote likatoa mvuke. Nilisikia maji chini ya majani, kila mahali, hata pasipo na mto. Kama mtu anayemeza.

Nikafikiri, tukilima hapa tutakula mwaka mmoja. Labda miwili. Halafu?

Elia alitokea kutoka upande wa daraja. Alisimama mbali, kama mtu asiyejua kama mbwa amefungwa. Nikafungua daftari. Akaanza kuhesabu.

Tumemaliza saa tisa. Hatukuongea la Ijumaa. Kwenye maporomoko nilimuuliza kama atalisema mkutanoni. Akasema hajui. Akasema ana miaka mitatu mpaka pensheni, na watu hapa ndiyo kwanza wameanza kumjibu salamu.

Nilimwelewa. Sikupenda kumwelewa.


Jumatano, 17 Julai

Nimeandika taarifa safi, kurasa sita. Mipaka, majani, maji ya masika, korongo. Kwenye korongo niliandika sababu yake na jina la Elia. Nikasoma. Nikachana ukurasa, nikauandika upya bila jina. Siyo kwa huruma. Ni lake kusema. Nikilisema mimi litakuwa kisasi, na watu watanisikiliza mimi badala ya kulisikiliza bonde.

Ndugu Mbwambo amerudi. Amechukua vipimo vyetu akachora mchoro. Sikuuona.


Alhamisi, 18 Julai

Mkutano saa nane, darasa la nne, madawati yamejaa na wengine madirishani. Niandike kwa utaratibu.

Mwenyekiti alifungua. Alisema juu ya njaa, na alisema vizuri. Nyumba ngapi zimelala na uji wa njano, wazee wangapi wamedhoofika. Si mtu wa kutisha watu. Alinipa nafasi nikasoma taarifa. Wamesikiliza. Kwenye sehemu ya wakata majani akina mama waliitikia.

Kisha Ndugu Mbwambo akatundika mchoro ubaoni. Ametumia kazi yetu vizuri. Bonde lote limegawanywa, mitaro huku na huku, na katikati mistari mingi imenyooka. Akaeleza. Ile mistari ni matuta, yatatoa maji yaliyozidi.

Alisema neno hilo kama neno jingine lolote. Alikuwa mtoto mdogo wakati ule, na kwao Upareni. Mama Salima, ambaye mumewe alifungwa pamoja na Mama, alivuta khanga kichwani. Mzee mmoja akasema polepole kuwa matuta tuliyaondoa pamoja na mkoloni. Vijana wakaguna. Mtu akasema njaa haina mkoloni. Wakaanza kusemezana wote.

Elia alisimama nyuma. Haikuwa zamu yake. Mwenyekiti alitaka kumkatisha, akaacha.

Alisema kila kitu. Bila kupamba. Kwamba amri ilikuwa ya milimani, bondeni alishuka yeye. Kwamba alitaka sifa. Kwamba korongo ni lake na chemchemi aliikausha yeye, na kila mama anayepanda kilima na ndoo leo anabeba maji ya kosa lake. Mikono aliishika kwa nyuma.

Mwisho akasema, "Mama yangu alinikataza. Nikamfunga. Alikuwa sahihi. Msilichimbe lile bonde."

Sijawahi kusikia darasa kimya hivyo, nami ni mwalimu.

Mzee aliyehama benchi kanisani alinyanyuka, akatema mate dirishani, akatoka. Kijana mmoja alicheka, sijui kwa nini, labda kwa hofu. Ndugu Mbwambo alikuwa anatazama mchoro wake kama mtu aliyesomewa barua isiyo yake.

Mama Salima ndiye aliyevunja kimya. Alisema, "Kaa chini, Elia. Umesema." Hakusema amesamehe. Elia akakaa.

Wamebishana mpaka saa kumi na moja. Mtu mmoja alisisitiza kuwa majani hayaliwi na watu. Ana watoto sita. Naye ana haki. Mwisho Mwenyekiti akapendekeza na watu wakanyoosha mikono: shamba la ujamaa litakuwa juu, kwenye shamba la miti ya miwati lililoachwa, ingawa kazi ya kung'oa visiki ni kubwa. Ukanda mmoja tu karibu na mkuyu wa kwanza utalimwa mboga kwa jembe la mkono, bila tuta hata moja. Sehemu nyingine yote ya bonde ibaki majani na maji. Kung'oa visiki kunaanza wiki ijayo, kila nyumba mtu mmoja. Nimeandika jina langu.

Ndugu Mbwambo aliushusha mchoro akaukunja. Akamwendea Elia, akamuuliza korongo lilianza na mvua ya ngapi. Wakakaa dawati moja wakichora. Nilimpenda yule kijana kwa hilo.

Nilipotoka, Elia alikuwa mlangoni, amempisha kila mtu. Nilisimama mbele yake.

"Shikamoo, kaka."

Aliinamisha kichwa. "Marahaba."

Nikamwambia Jumapili aje kula. Nikaondoka haraka, nisije nikasema kingine.


Ijumaa, 19 Julai

Sina amani niliyoitegemea. Asubuhi nilikuwa na hasira tena, ile ile, kana kwamba jana haikuwepo. Mchana ilipungua. Labda itakuwa hivi, inakuja na kwenda.

Madaftari ya darasa la sita yamekwisha.


Jumapili, 21 Julai

Alikuja baada ya ibada. Alileta kabichi kutoka kwa katibu, ameishika kwa mikono miwili. Nilipika bada, ugali wa muhogo, na maharage, na kuku mmoja niliyekuwa nammezea mate tangu Pasaka. Alikula sahani mbili. Tuliongea juu ya meno. Yake yamebaki machache upande wa kulia. Juu ya mke wake, ambaye sijawahi kumwona, anaitwa Foibe, anashona. Juu ya miti ya Magamba, mitarakwa inayokatwa. Hatukumtaja Mama. Alitaka kuosha vyombo. Nikakataa, akaosha.

Saa tisa jua lilikuwa limeingia barazani. Akakaa kwenye kiti changu, kile cha kusomea, miguu imenyooshwa, viatu pembeni. Akasinzia katikati ya sentensi. Alikuwa ananieleza jinsi ya kuotesha mbegu ya mtarakwa.

Analala na mdomo wazi. Soksi moja imetoboka kidole.

Lori la misitu, la kumrudisha Magamba, limepiga honi barabarani. Mara moja, kisha mara mbili ndefu. Dereva alisubiri kidogo. Nimesikia gia, nimesikia linapanda kona ya kanisa.

Sikumwamsha.